Kabla ya Kununua Maiki ya Milioni Saba

Machi 2019 msichana wa miaka 17 wa Los Angeles, Billie Eilish, alitoa albamu yake ya kwanza. Kaka yake Finneas ndiye aliyeitengeneza, na sehemu kubwa ya kazi waliifanyia chumbani kwake, katika nyumba ya wazazi wao mtaa wa Highland Park, mwimbaji akiwa ameketi kitandani. Januari 2020 wakazoa tuzo zote kubwa za Grammy. Tangu siku hiyo kila kijana mwenye kompyuta na chumba cha kulala, awe Tabata, Kisauni au Kayole, ana ushahidi mkononi kwamba studio ya nyumbani inaweza kutoa kazi ya kusikilizwa dunia nzima. Nakubaliana naye kabisa.

Linalonisumbua ni swali lililofuata. Badala ya kuuliza wale ndugu wawili walifanyaje kazi, watu waliuliza walitumia maiki gani. Jibu halikufichwa: Neumann TLM 103 ya Ujerumani, inayouzwa zaidi kidogo ya dola 1,000. Maiki kubwa ya ukoo huo, U 87, inazidi dola 3,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 7 za Tanzania kabla hujagusa usafiri na ushuru. Nawafahamu vijana wanaozichanga fedha hizo. Wapo wanaochukua mkopo wa kikundi, wapo wanaouza pikipiki iliyokuwa ikiwalisha, wapo wanaomwomba mjomba aliye Muscat au Toronto. Fedha ni nyingi mno na ushauri wanaopewa ni haba mno, na ndiyo maana nataka kulisema hili kwa urefu.

Nianze kwa kuzitendea haki maiki zenyewe. Tofauti kati ya maiki nzuri na maiki ya kawaida ipo, na mwenye sikio lililozoea huisikia. Ndani ya maiki ya kondensa kuna kiwambo chembamba mno cha plastiki kilichopakwa dhahabu, kimewambwa mbele ya bamba la chuma kama ngozi ilivyowambwa juu ya mzinga wa ngoma. Sauti ikikigusa, nafasi kati yake na bamba hubadilika, na chaji ya umeme iliyowekwa hapo huonyesha kila badiliko. Ni chepesi kiasi kwamba hata ulimi unapobanduka kwenye kaakaa kabla ya neno kutoka, husikika. Maiki ya dainamiki, ile inayoshikwa na wahubiri na waimbaji jukwaani, ina kiwambo kilichobeba koili ya waya ndani ya sumaku. Kwa kuwa kimebeba mzigo, kinachelewa kidogo kuyafuata yale madogo ya haraka, na kwa baadhi ya sauti uzito huo ni neema, kama nitakavyoeleza.

Kondensa ilibuniwa na Mmarekani E. C. Wente mwaka 1916. Mwaka 1928 Georg Neumann akafungua kampuni yake Berlin na kuanza kuziunda kwa wingi. Mwaka 1949 ikaja U 47, mwaka 1960 U 67, na mwaka 1967 U 87, ambayo toleo lake la sasa bado linatengenezwa na ndiyo picha inayokuja akilini mtu akisema maiki ya studio. Frank Sinatra aliimba mbele ya U 47 katika studio za Capitol, Hollywood. The Beatles waliimba mbele ya hiyohiyo na mwenzake U 48 katika studio za Abbey Road, London. Anayesoma habari hizi huishika U 47 na kuziacha Capitol na Abbey Road, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuharibika. Vyumba vile vilijengwa kwa ajili ya sauti tangu msingi hadi dari, kwa milango mizito, kwa kuta zilizopimwa, na kwa mafundi walioajiriwa kuvisikiliza.

Kwetu pia ilikuwa hivyo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, miaka mitatu tu baada ya kampuni kubwa za santuri kuacha pembe na kuanza kurekodi kwa maiki na umeme. Baadaye bendi za dansi zilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, zikafunga vyombo katika studio ya serikali na kupiga wote kwa pamoja. Kizazi cha Bongo Fleva kikaenda kwenye studio za maprodyuza Master Jay na P-Funk. Katika zama zote hizo mwimbaji ndiye aliyesafiri kuifuata maiki, na akifika aliikuta ikiwa ndani ya chumba chake. Siku hizi maiki ndiyo inayosafiri. Inaletwa kwenye boksi hadi mlangoni, na chumba chake kimebaki kulekule ilikotoka.

Kwa maoni yangu hili ndilo wauzaji wasilolisema: kwa zile milioni saba unanunua nusu ya kifaa. Nusu ya pili ni chumba, na kondensa nzuri huisikia hiyo nusu ya pili kwa uaminifu uleule inaoutumia kumsikiliza mwimbaji.

Chukua chumba chetu cha kawaida, futi 10 kwa 10, kuta za tofali na sakafu ya vigae. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Ikiwa ukuta na ukuta zimeachana mita 3, kuna sauti nzito zinazokaa sawasawa katika nafasi hiyo na kugoma kutoka: kwenye hezi 57 hivi, 114, 171 na kuendelea. Chumba kikiwa mraba, kuta zote nne zinakazia namba zilezile, na dari ikiwa mita 3 vilevile, mambo huwa mabaya zaidi. Sasa sauti ya mwanamume anapoongea hukaa kati ya hezi 85 na 180. Yaani noti mbili tatu katikati ya koo lake zitavimba kila anapozipita, na jirani zake zitasinyaa. Prodyuza atahangaika na kompyuta hadi alfajiri akijaribu kuzilainisha, akidhani kasoro iko kwenye maiki au kwa mwimbaji. Lugha yetu nayo haimsaidii. Maneno yetu huishia na irabu, na mwimbaji wa Kiswahili huivuta irabu hiyo mwishoni mwa mstari, palepale biti inapotulia na chumba kinapopata nafasi ya kujibu.

Watu hukimbilia trei za mayai. Nimeziona zimegongomewa ukutani kuanzia Mbagala hadi Bujumbura, na nasema kwa dhati: zitoeni. Karatasi ile nyembamba hutawanya kidogo sauti za juu na kuziachia sauti nzito zipite kana kwamba hakuna kitu, kisha ikishika moto huwaka haraka, ukutani, ndani ya chumba kilichojaa nyaya. Sponji za inchi 2 zinazouzwa kwa rangi nyeusi na nyekundu ni bora kuliko trei, lakini nazo zina mipaka. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa zaidi ya mita 3, na sponji ya inchi 2 haina la kulifanya. Ukizijaza chumba kizima utakausha sauti za juu tu na kubaki na mvumo wa chini, na waimbaji wako wote watasikika wazito na wasioeleweka.

Kinachofanya kazi ni unene. Mwambie fundi seremala akutengenezee fremu za mbao zenye kina cha sentimita 15, urefu wa mtu, uzijaze pamba ya mawe kama unaipata. Kama huipati, usumba wa nazi uliofumuka, ule wa magodoro ya zamani, ukishindiliwa kiasi nao hunywa sauti. Funika kwa kanga, kwa maana kanga inapitisha hewa na kwa hiyo inapitisha sauti iingie ndani ikafie humo. Simamisha fremu mbili au tatu nyuma na ubavuni mwa mwimbaji, ukiacha upenyo kati yake na ukuta. Nasema nyuma ya mwimbaji kwa sababu maiki nyingi za kuimbia husikiliza mbele na kupuuza nyuma yake, hivyo kinachoonekana mbele ya macho yake ni mwimbaji pamoja na ukuta ulio mgongoni mwake. Wengi hununua kile kigao cha kuzungushia nyuma ya maiki, yaani upande ambao maiki tayari haiusikilizi sana, halafu mgongo wa mwimbaji unaachwa ukitazama tofali tupu. Kabati la nguo lililofunguliwa wazi litakufaa kuliko kigao hicho.

Gharama ya fremu hizo, kwa bei za mbao za mjini, ni sehemu ndogo tu ya bei ya U 87. Na mabadiliko yake yatasikika hata kwa mama yako asiyejua chochote kuhusu kurekodi.

Halafu kuna kelele. Kila maiki ina kelele zake za ndani, na ukimya ni moja ya vitu vinavyotozwa bei. TLM 103 inatoa desibeli 7, U 87 ya sasa 12. Hizo ni namba za ajabu kwa uzuri wake. Lakini chumba cha kulala kilichotulia usiku wa manane kina desibeli kama 30, na ukiwasha feni unapanda hadi 40 na zaidi, bila kuhesabu friji ya jirani, bodaboda zinazopita, jenereta la saluni na mvua inayoanguka juu ya bati. Kelele za ndani za maiki, ziwe 7 au 12, zinazama chini kabisa ya hayo yote. Na kama ukimya ndio unaoutafuta, Rode NT1 ya Australia haifiki dola 300 na kelele zake ziko chini ya desibeli 5, yaani ni tulivu kuliko U 87 kwa sehemu ya kumi ya bei. Nimekaa katika vyumba ambamo feni imezimwa, mwimbaji anavuja jasho, watu wote wamenyamaza wakisubiri pikipiki ifike mwisho wa mtaa ndipo ubeti wa pili uanze. Hakuna maiki ya milioni saba inayoiondoa ile pikipiki.

Hapa kuna imani moja iliyoenea ambayo inafaa kurekebishwa. Husemwa kwamba dainamiki haisikii kelele za chumba na kondensa inazisikia. Ukiziweka zote mbili umbali uleule, zikiwa zinasikiliza upande uleule, uwiano wa sauti ya mwimbaji na kelele za chumba unakaribia kuwa sawa. Kinachotofautisha ni umbali. Dainamiki humlazimisha mtu aikaribie, vidole viwili vitatu kutoka mdomoni, wakati mbele ya kondensa anasimama sentimita 30 kama alivyoona kwenye video. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda desibeli 6 na kelele za chumba zinabaki pale zilipokuwa. Ukipunguza nusu tena, 6 nyingine. Desibeli 12 hizo ni bure. Ndiyo maana Billie Eilish, anayeimba kwa sauti iliyo karibu na mnong'ono, maiki ikiwa karibu na mdomo, katika chumba chenye kitanda, aliweza kuitumia kondensa nyumbani. Namna anavyoimba ilifanya nusu ya kazi ya chumba. Mwimbaji wa injili wa Goma anayefungua kifua hadi dirisha linatikisika hawezi kusimama karibu hivyo, na chumba chake kitamjibu kwa sauti kubwa. Maiki ileile, nyumba ya ukubwa uleule, matokeo mengine kabisa.

Wanaodhani bei ndiyo ubora nawakumbusha albamu ya Thriller ya mwaka 1982, iliyo miongoni mwa zilizouzwa kuliko zote katika historia. Mhandisi wake, Bruce Swedien, alikuwa na uwezo wa kuagiza maiki yoyote duniani, na yeye mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa kondensa za zamani. Kwa sauti ya Michael Jackson alichagua Shure SM7, dainamiki iliyotengenezwa kwa ajili ya watangazaji. Toleo lake la leo, SM7B, ni karibu dola 400. Alimsikiliza mtu, akasikia sauti yake ya juu, kali, yenye mapigo ya pumzi kama ngoma ndogo, akaona inahitaji maiki ya kuituliza. Angekuwa amechagua kwa orodha ya bei tungesikia Michael Jackson mwingine.

Uamuzi wa Swedien ndio ninaotaka tuuige, na ndio mgumu kuliko yote kwa sababu unadai usikilize koo la mtu kabla ya kutazama bei. TLM 103 imetengenezwa ili kuanzia hezi 5,000 kwenda juu iongeze takriban desibeli 4. Kwa kijana mwenye sauti laini, iliyofunikwa kidogo, ongezeko hilo humfungulia dirisha. Kwa mwimbaji wa taarabu mwenye sauti ya chuma, ile inayotoka puani na kukata ukumbi mzima bila msaada, ongezeko hilohilo ni adhabu, maana ni palepale zinapokaa S, SH na CH zetu, na Kiswahili kinazo nyingi. Dada huyo ningempeleka kwanza kwenye maiki ya utepe kama Royer R-121, au Electro-Voice RE20, dainamiki ya mwaka 1968 ambayo haiongezi uzito hovyo mtu anapoikaribia, au kama fedha zipo kweli, U 67, ambayo Neumann waliirudisha sokoni mwaka 2018. Mtu wa kufoka, mwenye P na B zinazolipuka, ningemweka mbele ya SM7B na chujio la pumzi, nimwangalie kwanza. Wakubwa wa hip hop wa Marekani wanaipenda Sony C-800G, ile yenye mapezi ya chuma mgongoni ya kupoza valvu yake, na inastahili kupendwa, lakini bei yake ni ya kununulia kiwanja.

SM7B nayo ina sharti lake, nalo huwakatisha tamaa wengi wanaoinunua bila kuambiwa. Inatoa umeme mdogo sana, hivyo saundi kadi yako lazima iweze kuukuza kwa desibeli 60 hivi bila kuleta mvumo wake yenyewe. Saundi kadi za bei ya chini kabisa haziwezi. Ongeza bei ya kikuzaji katika hesabu yako tangu mwanzo.

Wapo watakaosema kondensa za dola 100 zinafanana na U 87 kwa sura na hata kwa umbo la kiwambo, kwa nini basi zisitoshe? Hapa nazitetea zile ghali. Nyingi za bei ndogo zimeiga kiwambo cha Neumann ambacho kwa asili yake hupandisha sauti za juu, lakini hazikuiga sakiti iliyowekwa ndani ya U 87 makusudi kuzishusha. Ndiyo maana zina ule ukali unaochoma masikio baada ya wimbo wa pili. Fedha hununua pia jambo lingine wasilolizungumza: mwimbaji anapogeuza kichwa kidogo, maiki nzuri hubadilika taratibu na kwa usawa, wakati ya ovyo hubadilisha rangi ya sauti yote. Kwa studio inayopokea watu kumi tofauti kwa juma na kutoza kwa saa, ubora huo unalipa. Kwa mtu anayerekodi sauti yake peke yake nyumbani, anaweza kujifunza kutulia.

Sisi wa pwani tuna shida yetu ya ziada, na sijui kwa nini haizungumzwi. Kondensa inafanya kazi kwa chaji ndogo mno iliyolindwa isivuje. Unyevu, chumvi ya bahari, vumbi na mate vikikutana juu ya kiwambo, chaji hupata njia ya kutorokea, na maiki huanza kutatarika na kupasuka katikati ya wimbo. Nimeona maiki za thamani zikiachwa juu ya stendi mchana na usiku Mombasa na Unguja, dirisha wazi, upepo wa kusi ukiingia. Baada ya kazi ifute, iweke katika boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na usiitoe kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali ukaipeleka moja kwa moja kwenye joto, maana itatoa jasho ndani. Kwa mtu wa pwani asiyeweza kulinda maiki hivyo, Sennheiser wana ukoo wa MKH, kondensa zinazotumia mawimbi ya redio badala ya ile chaji dhaifu, na kwa sababu hiyo zinavumilia unyevu vizuri. Wanaorekodi filamu porini na baharini wanazitegemea. Bei zake nazo ni za juu. Au chukua dainamiki, ambayo unyevu hauisumbui sana.

Na kuna bidhaa bandia. Shure SM58, ambayo ilianza mwaka 1966 na huuzwa karibu dola 100, ni moja ya maiki zinazoghushiwa zaidi duniani, na U 87 za uongo zenye nembo inayong'aa zipo pia, mara nyingi kwa bei inayomfanya mnunuzi ajione ana bahati. Muuzaji atakuambia, "Kaka, hii ndiyo ya wakubwa, nimekupa kwa sababu ya shida tu." U 87 kwa shilingi laki tano haipo. Omba namba ya utambulisho, wasiliana na wakala, subiri jibu ndipo utoe fedha.

Sasa namna ya kuchagua, kwa mtu aliyeshatengeneza chumba na bado ana fedha na hamu. Tafuta maiki tatu, usizidishe. Ziazime, zikodi, au nenda studio inayozimiliki ukalipie saa moja. Mwimbaji awe yuleyule, wimbo uleule, wimbo anaoujua kwa moyo, umbali uleule uliopimwa kwa rula. Kabla ya kulinganisha, sawazisha ukubwa wa sauti katika kompyuta, kwa sababu sikio la binadamu huipenda iliyo juu kidogo na kuidhania bora. Ficha majina, ziite moja, mbili, tatu. Kisha msizisikilize siku hiyohiyo. Kesho yake, ndani ya biti, kwenye spika za kawaida na kwenye simu, mwite mtu anayemjua mwimbaji vizuri, mke wake au kiongozi wa kwaya yake, umwulize ni ipi inayosikika kuwa ni yeye. Mtu huyo hajui Neumann ni nini. Ndiye shahidi unayemhitaji.

Mara nyingi, jibu litaangukia maiki isiyokuwa ghali kuliko zote. Likiangukia ile ghali, inunue bila kujuta na uitunze, kwa maana zinadumu. U 47 za miaka ya 1950 bado zinafanya kazi leo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana mwenye milioni saba ni huu. Tumia milioni moja kwenye fremu, mapazia mazito, mlango unaoziba na dari ya jipsamu chini ya bati. Tumia nyingine kwenye saundi kadi nzuri na hedifoni zisizodanganya. Nunua SM7B au Rode NT1, kutegemea koo lako, rekodi nyimbo za kutosha kuijua sauti yako inavyokaa. Kinachobaki kiweke benki. Ukishajua kwa hakika maiki uliyonayo inakunyima kitu gani, ndipo uende kutafuta ile itakayokupa kitu hicho.

Na kwenu wenye studio kubwa za Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Lubumbashi, ninyi mliokwisha kuzinunua maiki hizi: fungueni milango. Wekeni saa chache kwa juma za watu kuja kujaribu sauti zao kwa bei ndogo, wakaondoka na faili yao. Mtawaokoa watu fedha nyingi, na wengi wao watarudi kwenu kurekodi wimbo mzima. Wewe uliye nyumbani, mpaka upate nafasi ya kuimba mbele ya maiki hiyo kwa koo lako mwenyewe, usiinunue.